Matokeo ya Novemba 27: pwani ya Lindi imebaki na nani wa kuuliza maswali?

Watanzania wa Bara walipiga kura kuchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, Jumatano ya Novemba 27, 2024. Viapo vimeshaliwa, mihuri imeshakabidhiwa, na katika kata nyingi za pwani yetu, kuanzia Somanga hadi Kilangala, mambo yamerudi kama kawaida. Lakini kwenye simu za wasikilizaji swali bado ni lilelile: haya matokeo yanatuambia nini?

Tuanze na tarakimu, maana zimetajwa sana na wengi wamezisikia nusunusu. Kwa mujibu wa matangazo ya aliyekuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais TAMISEMI, Mohamed Mchengerwa, aliyoyatoa Dodoma siku moja baada ya kura, Chama Cha Mapinduzi kilipata vijiji 12,150 kati ya 12,271, sawa na asilimia 99.01. CHADEMA walipata vijiji 97, ACT-Wazalendo 11, CUF 10, NCCR-Mageuzi viwili na UMD kimoja. Upande wa mitaa, CCM walichukua 4,213 kati ya 4,264. CHADEMA walibaki na 36, ACT 11 na CUF minne. Kwenye vitongoji CCM walipata 62,728, zaidi kidogo ya asilimia 98.

Kwa maneno ya barabarani: ukichukua vijiji 100 vya Tanzania Bara, 99 vina mwenyekiti wa chama kimoja.

Sasa weka tarakimu hizo pembeni ya zile za nyuma. Desemba 2014, uchaguzi kama huu uliwapa CCM karibu asilimia 80 ya vijiji na takriban theluthi mbili ya mitaa. Hiyo maana yake mtaa mmoja katika kila mitatu ulikuwa na mwenyekiti wa upinzani. Miaka mitano baadaye, Novemba 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM wakapata vijiji 12,260 kati ya 12,262. Mwaka 2024 wapinzani walirudi uwanjani, wakachukua fomu, wakapiga kampeni, na matokeo yakatofautiana na yale ya mwaka waliosusa kwa asilimia moja tu.

Hapo ndipo mchambuzi anatakiwa kusimama kidogo. Kama chama kinapata asilimia 99.9 pale wenzake wanapogoma, na kinapata asilimia 99 pale wenzake wanaposhiriki, basi ama ushiriki wao haukuwa na uzito wowote kwa wapiga kura, ama haukuwa ushiriki kamili. Viongozi wa CCM wanasema ni la kwanza. Wanaeleza kwamba chama chao kina mtandao hadi ngazi ya shina, kwamba wapinzani walikosa hata watu wa kuwasimamisha katika vijiji vingi, na kwamba utekelezaji wa miradi ya maji, madarasa na vituo vya afya umewabeba. Wapinzani wanasema ni la pili. Wanataja wagombea walioondolewa kwa makosa madogo ya kujaza fomu, mawakala waliozuiwa na kura walizodai kuzikuta nje ya utaratibu. Malalamiko ya kuenguliwa yalikuwa mengi kiasi kwamba Waziri mwenyewe aliongeza muda wa kupokea rufaa, na baadhi ya walioondolewa wakarudishwa.

Mimi naona yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayana uzito sawa. Ni kweli upinzani haukuwa na watu katika vitongoji vingi. Kuna vitongoji huku kwetu ambavyo hujaona bendera ya chama kingine tangu 2020. Lakini asilimia 99 haielezeki kwa mtandao wa mashina peke yake, hasa ukiijua historia ya pwani hii.

Na historia hiyo si ya zamani. Mwaka 2010, Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany wa CUF, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia Bungeni kwa kura za jimbo nchini Tanzania. Mwaka huohuo Kilwa Kusini ikampeleka Dodoma Selemani Bungara, yule ambaye nchi nzima ilikuja kumjua kwa jina la Bwege na ambaye hotuba zake za Bungeni zilikuwa zikichekesha hadi upande wa pili. Oktoba 25, 2015, chini ya mwavuli wa UKAWA, wimbi likawa kubwa zaidi. Bungara akarudi. Kilwa Kaskazini ikamchagua Vedasto Ngombale, Mchinga ikamchagua Hamidu Bobali, Liwale ikamchagua Zuberi Kuchauka. Wote CUF. Lindi Mjini ndiyo iliyorudi CCM safari ile.

Fikiria uzito wake. CUF walipata majimbo kumi tu Tanzania Bara mwaka 2015, na manne kati ya hayo yalitoka mkoa mmoja: Lindi. Ongeza Mtwara Mjini na Tandahimba, unapata sita kati ya kumi kutoka mikoa hii miwili ya kusini. Mkoa ambao magazeti ya Dar es Salaam huukumbuka wakati wa korosho na mafuriko ndio uliokuwa nguzo ya chama kikuu cha upinzani cha ukanda wa pwani.

Watu wale hawakuhama. Kilangala, kata iliyomo ndani ya jimbo la Mchinga, ina wakulima na wavuvi walewale, na watoto wao sasa ndio wenye umri wa kupiga kura. Kwa hiyo anayesema asilimia 99 ndiyo picha ya mioyo ya watu wa pwani ana kazi ya kueleza mioyo hiyo iligeukaje yote kwa pamoja.

Sehemu ya maelezo iko ndani ya upinzani wenyewe, na hapa sitawaonea haya. Mwenyekiti wa CUF, Profesa Ibrahim Lipumba, alijiuzulu Agosti 2015 kwa kutokubaliana na hatua ya UKAWA kumpokea Edward Lowassa, kisha mwaka 2016 akarudi kudai kiti chake. Chama kikapasuka vipande viwili. Kesi zikaenda mahakamani, ofisi zikagombewa, ruzuku ikazuiwa. Machi 18, 2019, Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi uliompa Lipumba uhalali, Maalim Seif Sharif Hamad na kundi lake wakahamia ACT-Wazalendo siku hiyohiyo, na bendera za CUF zikaanza kushushwa matawini na kupandishwa nyingine. Ulikuwa usemi mmoja tu wakati ule: shusha tanga, pandisha tanga.

Usemi ule ulikuwa mtamu, lakini tanga lilipandishwa kwenye jahazi lililokuwa tayari limevuja. Wabunge wa CUF hawakuweza kuhama kabla ya Bunge kuvunjwa, kwa sababu sheria yetu inamvua ubunge anayeacha chama kilichompeleka. Ndiyo maana kwa zaidi ya mwaka mzima tulikuwa na wabunge wenye kadi ya huku na moyo wa kule. Wengine hawakusubiri: Kuchauka wa Liwale alijiuzulu Agosti 2018, akajiunga na CCM, na Oktoba mwaka huohuo akarudishwa Bungeni kwa tiketi ya chama alichokuwa akikipinga. Mwananchi wa Liwale aliyekesha akilinda kura 2015 alijifunza nini hapo? Wapo waliotuambia hewani kwamba tangu siku ile hawajapanga foleni tena.

Na foleni kweli zimepungua. Uchaguzi Mkuu wa 2015 ulikuwa na waliojiandikisha 23,161,440, wakapiga kura 15,589,639, yaani asilimia 67. Mwaka 2020 waliojiandikisha walifika 29,754,699, lakini waliopiga kura walikuwa 15,091,950, asilimia 50 na ushei. Daftari liliongezeka watu zaidi ya milioni sita na nusu, masanduku yakapungukiwa kura karibu nusu milioni. Hayati John Magufuli alishinda mwaka ule kwa asilimia 84, Tundu Lissu akapata 13. Bernard Membe, mtoto wa Rondo hapa Lindi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka mingi na mbunge wa Mtama, aligombea kwa ACT-Wazalendo na kuambulia kura 81,129 nchi nzima. Alizikwa Rondo Mei 2023, na waliokuwepo waliona waombolezaji wa vyama vyote wakichangia jamvi moja, jambo ambalo kwenye kampeni lingeleta mawe.

Matokeo ya wabunge ya 2020 yalisafisha pwani. Kilwa Kusini akapita Ally Kassinge, Kilwa Kaskazini Francis Ndulane, Mchinga Salma Kikwete, Lindi Mjini Hamida Abdallah. Wote CCM. Ruangwa, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipita bila kupingwa. Majimbo manne ya CUF yakawa sifuri.

Lakini kuna jambo moja ambalo wachambuzi wa Dar hulipita haraka. Katika Bara nzima, mwaka ule ambao upinzani ulifagiliwa kutoka Mbeya hadi Arusha, ni majimbo mawili tu yaliyopeleka mbunge wa upinzani: Nkasi Kaskazini kule Rukwa, na Mtwara Vijijini, jirani zetu, walikomchagua Shamsia Mtamba wa CUF dhidi ya Hawa Ghasia, mwanasiasa mzito aliyewahi kuwa waziri. Yaani hata katika mwaka mgumu kuliko yote, kipande cha kusini kilikataa kufuata mkumbo. Ukiwa na mfano huo mkononi, huwezi kusema kusini imelala.

Katikati ya mwaka 2024 likatokea jambo lingine linaloihusu Lindi moja kwa moja. Mbunge wa Mtama, Nape Nnauye, akiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alizungumza Bukoba mwezi Julai na kusema kwamba ushindi wa uchaguzi hauko kwenye sanduku peke yake, bali kuna njia nyingine, na kwamba anayehesabu na kutangaza ana nafasi yake. Baadaye alisema ulikuwa utani na akaomba radhi. Siku chache tu, Julai 21, Rais Samia Suluhu Hassan akatengua uteuzi wake. Serikali ilionyesha kwamba utani ule haukubaliki. Hata hivyo miezi minne baadaye, matokeo yalipotangazwa, wapo waliorudi kuusikiliza tena kwenye simu zao.

Tutoke sasa kwenye majina ya wakubwa, twende kijijini, kwa sababu ndiko madhara ya matokeo haya yalipo.

Watu wengi hudhani mwenyekiti wa kijiji ni mtu wa kugonga muhuri kwenye barua ya utambulisho. Katika wilaya ya Kilwa hilo ni kosa kubwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi yote ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu. Halmashauri hiyo ina wajumbe kati ya 15 na 25, na mwenyekiti ndiye anayeiongoza. Mwekezaji anayetaka shamba la mkonge au la ufuta anapita hapo. Mfugaji anayekuja na ng'ombe mia tatu naye anapita hapo. Na tunajua wote, tangu mifugo ilipoondolewa Bonde la Ihefu mwaka 2006 na kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, swali la nani alimkaribisha nani, na kwa kikao kipi, ndilo linalozaa ugomvi wa wakulima na wafugaji bondeni. Mara nyingi ukifuatilia mgogoro hadi mwanzo wake unakuta muhtasari wa kikao ambacho wanakijiji wanasema hakijakaa.

Halafu kuna misitu. Kilwa ina sifa ambayo hata baadhi yetu hatuijui: vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vikiwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Nanjirinji imeuza mpingo na mbao nyingine kutoka msitu wake wa kijiji na kujenga kwa fedha hizo. Hizi ni fedha zinazoingia akaunti ya kijiji, si za wizara. Anayesaini ni nani? Serikali ya kijiji. Anayesomewa mapato na matumizi ni nani? Mkutano mkuu, ambao kwa sheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwenye kijiji chenye msitu wa maana, mwenyekiti ana mamlaka juu ya fedha ambazo diwani wa mjini hazioni.

Pale Lindi Manispaa, wakazi wa Likong'o na mitaa ya jirani walipisha eneo kwa ajili ya kiwanda cha kuchakata gesi asilia kuwa kimiminika, wakalipwa fidia, na mwishoni mwa 2024 mradi wenyewe ulikuwa bado kwenye mazungumzo. Siku mazungumzo yakiisha, wataanza kuja wapangaji, wakandarasi, madalali wa viwanja. Mwenyekiti wa mtaa ndiye mtu wa kwanza atakayeulizwa mpaka wa kiwanja cha fulani uko wapi.

Sasa, katika kijiji ambacho mwenyekiti, wajumbe wote, diwani na mbunge ni wa chama kimoja, nani anauliza pale mkutano usipoitwa? Jibu la chama tawala ni kwamba chama chenyewe kinajisimamia kwa vikao vyake. Kwa baadhi ya vijiji hilo ni kweli, na nitakwenda mbali zaidi: katika sehemu kubwa ya Lindi, uchaguzi halisi wa mwaka 2024 ulifanyika Oktoba, ndani ya kura za maoni za CCM. Huko ndiko watu walikopigana vikumbo, huko ndiko wenyeviti wa zamani walikoanguka, na huko ndiko yalikokuwa maneno makali. Kwa kuwa nchi yetu hairuhusu mgombea binafsi, mtu mwenye uwezo anayetaka uongozi wa kijiji anaona afadhali kupitia mlango ulio wazi. Upinzani haukufa. Sehemu yake imehamia ndani ya nyumba.

Tatizo ni kwamba ugomvi wa ndani ya nyumba hauna daftari la umma. Mjumbe aliyechaguliwa na chama cha upinzani akisimama kuuliza mapato ya ushuru, swali lake linaingia kwenye muhtasari. Mwanachama wa chama tawala akiuliza jambo hilohilo anaambiwa alipeleke kwenye kikao cha chama, na huko linaishia. Tumeliona hilo katika ngazi ya halmashauri. Baada ya 2015 madiwani wa CUF waliingia kwa wingi katika baraza la Kilwa, na vikao vyake vilikuwa na kelele, kususa na mivutano isiyokwisha na wakurugenzi. Sitadai kwamba vilikuwa na tija kila siku, kuna miradi ilichelewa kwa sababu ya ubishi wa bure. Lakini waandishi tulikuwa tukitoka na habari. Siku hizi tunatoka na taarifa kwa umma.

Na Bungeni ilikuwa hivyohivyo. Kamati za hesabu, PAC na LAAC, kwa utaratibu huongozwa na wabunge wa upinzani. Katika Bunge lililochaguliwa 2020 nafasi hizo zilishikwa na wabunge wa viti maalumu kutoka kundi la wanawake 19 ambao chama chao, CHADEMA, kilitangaza kuwafukuza uanachama. Kwa hiyo waliosimamia ukaguzi kwa niaba ya upinzani hawakutambuliwa na upinzani wenyewe. Walifanya kazi, na wakati mwingine waliuliza maswali mazuri, lakini ulikuwa mpangilio wa ajabu ambao haungekuwepo kama matokeo ya majimbo yangekuwa tofauti.

Kuna hoja moja ambayo husikika kila kampeni na inastahili kupimwa: chagueni mbunge wa chama tawala ili mpate maendeleo. Watetezi wake wanaonyesha bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya Sh bilioni 260, ambao Rais Samia aliuwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Ni mradi mkubwa, na wavuvi wa Kilwa walikuwa wakiusubiri kwa hamu. Ni kweli pia umekuja wakati Kilwa yote iko chini ya CCM.

Ila hesabu haiishii hapo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, miaka ambayo watu wa Kilwa hawakuwa wakorofi kwenye kura, na bado Kilwa ilibaki wilaya maskini inayotoa umeme kwa wengine. Chukua na korosho. Mwaka 2018 Serikali ilibadilisha sheria ili ushuru wote wa kusafirisha korosho ghafi uende Mfuko Mkuu, badala ya asilimia 65 kurudi kwenye maendeleo ya zao hilo. Wabunge wa kusini wa CCM na CUF walisimama pamoja kupinga, jambo la nadra. Walishindwa pamoja. Msimu uliofuata ukaharibika, wanunuzi wakatoa bei ndogo, hadi Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi maghalani, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao kwa miezi. Msimu wa 2024 bei mnadani ilivuka Sh 4,000, na mkulima akacheka. Bei hiyo ilitokana zaidi na soko la dunia na mfumo wa mnada kuliko rangi ya kadi ya mbunge.

Au barabara. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara maeneo ya Somanga na kwingineko ndani ya Kilwa. Waziri wa Ujenzi alipiga kambi, mabasi yakazungushwa kupitia Songea, bidhaa zikapanda bei sokoni Lindi ndani ya siku mbili. Wakati huo mkoa ulikuwa na wabunge wa CCM kila jimbo, na mmoja wao ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi. Barabara ilikatika vilevile, na ilitengenezwa kwa haraka kwa sababu mikoa miwili ilikuwa imetengwa na nchi. Kwa hiyo chama cha mbunge kina athari, lakini ndogo kuliko tunavyoambiwa majukwaani.

Nchi ilielekea Oktoba 2025 na matokeo haya mkononi. Kwa CCM, hatari ilikuwa kuamini kwamba asilimia 99 ni mtaji. Haikuwa mtaji, kwa sababu mtu ambaye hakupiga kura Novemba hukujua angefanya nini Oktoba, na wenyeviti waliopita kirahisi huwa hawana mazoea ya kubembeleza watu. Kwa ACT-Wazalendo, ambao ndio warithi wa ngome ya CUF huku pwani, vijiji 11 nchi nzima vilikuwa pigo: chama kisicho na mwenyekiti wa kitongoji kinapata shida hata kumpata wakala wa kukaa kituoni kuanzia alfajiri hadi kuhesabu. Kwa CHADEMA, ambao hawajawahi kuwa na mizizi mirefu Lindi, mjadala wao wa ndani kuhusu kushiriki au kutoshiriki bila mabadiliko ulitarajiwa kuzidi kuwa mkali, na uamuzi wao kuwagusa hata wasio wanachama wao, kwa sababu mpiga kura wa upinzani wa kusini amezoea kuhesabu nguvu za vyama vyote kwa pamoja tangu enzi za UKAWA.

Kisheria kuna yaliyobadilika. Sheria mpya za uchaguzi zilizopitishwa Februari 2024 zimeibadilisha Tume kuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na zimeondoa utaratibu wa kupita bila kupingwa: mgombea wa ubunge au udiwani akibaki peke yake atapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kwa majimbo ya Lindi hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Uchaguzi wa Novemba, hata hivyo, haukusimamiwa na Tume hiyo bali na TAMISEMI, jambo ambalo lilipingwa mahakamani bila mafanikio. Kwa hiyo kuutumia Novemba kutabiri mwenendo wa Tume Oktoba kulikuwa kukisia tu. Wapo wasioiamini Tume wala TAMISEMI, na wana sababu zao. Ila ni vyombo viwili tofauti.

Tofauti hiyo ina jambo moja la vitendo ambalo tunaulizwa kila wiki, nalo ndilo nitakaloishia. Watu 31,282,331 walioandikishwa nchini kati ya Oktoba 11 na 20, 2024 waliandikwa kwenye orodha ya mtaa au kijiji kwa ajili ya Novemba 27 tu. Orodha ile haikuhusiana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ambalo Tume ilikuwa ikiliboresha kwa awamu tangu Julai 2024, na ambalo zamu ya mkoa wetu ilitarajiwa mapema mwaka 2025. Kama ulikuwa umetimiza miaka 18 wakati huo, kama ulihama kutoka Kilangala kwenda Lindi mjini, au kama kadi yako ya mpiga kura ilichukuliwa na maji ya Mei 2024, kuandikwa kwako Oktoba pale kituoni chini ya mwembe hakukukuingiza kwenye Daftari hilo. Ulitakiwa kwenda tena, wewe mwenyewe, siku Tume ilipofungua vituo katika kata yako.